Jina la Binti Lisiwe Mkia wa Jina la Kaka Yake

Mwanzoni mwa mwaka huu yaya wangu alijifungua binti katika nyumba moja ya uzazi hapa Butembo. Mtoto wake wa kwanza ni mvulana wa miaka minne. Kwa desturi ya kwetu anaitwa Paluku. Jina lake la ubatizo nitalibadili kidogo ili nisitangaze mambo ya nyumba ya watu: tuseme ni Héritier. Siku ya tatu chumba kilijaa mama wadogo, mashangazi na wakwe, na mazungumzo yote yalikuwa juu ya swali moja: binti huyu aitwe nani ili jina lake liende pamoja na la kaka yake?

Shemeji alikuwa amefika na jibu mfukoni: Héritière. Shangazi mmoja alisema hilo ni gumu kuandika, afadhali Héritia. Mwingine akasema kama kaka ni mrithi, basi dada awe Princesse, maana urithi na ufalme ni ndugu. Tulicheka. Bibi, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha na mtoto mikononi, hakucheka. Alisema, "Mnamtafutia jina la nini? Amekuja nalo. Huyu ni Kahindo."

Ninaandika makala haya kwa sababu nadhani bibi alikuwa na haki, na kwa sababu sisi tunaosoma lugha tunaweza kueleza kwa nini. Lakini naandika pia kwa sababu yaya alimjibu bibi jambo ambalo sikuweza kulipinga siku ile, na nitalifikia.

Kwanza tukumbushane mpangilio wenyewe, kwa ajili ya wenzetu waliotoka Bukavu, Kisangani au Bunia na ambao kila mwaka hushangaa kuona darasa lina Kambale saba. Kwetu Wanande, au Bayira, mtoto hupewa jina kufuatana na nafasi yake ya kuzaliwa. Wavulana wana safu yao: wa kwanza ni Paluku, Mumbere au Nzanzu kufuatana na desturi ya nyumba, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Wasichana nao wana safu yao: Masika, Kavira, Kavugho, Mbambu, Katungu, Kyakimwa. Kila ukoo una tofauti zake ndogo, na wazee wanaweza kubishana usiku mzima juu yake, lakini msingi ni huo.

Sasa tazameni safu hizo mbili kwa macho ya mwanafunzi wa mofolojia. Masika hakutokana na Paluku. Kavira si Kambale aliyeongezewa herufi mwishoni. Mbambu hana deni lolote kwa Kakule. Wasichana wanahesabiwa peke yao, kwa majina yenye mizizi yao wenyewe. Mama akizaa wavulana wanne kisha msichana, hakuna anayemwita huyo msichana "wa tano". Anaanza safu yake. Mimi naona hiyo ni heshima kubwa ambayo hatuitaji tunapozungumza juu ya nafasi ya mwanamke katika mila zetu. Tumezoea kuorodhesha mila inayomnyima. Hapa kuna moja inayompa hesabu yake kamili tangu siku ya kwanza.

Linganisheni na majina tunayoyatafuta sasa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Kifaransa anajua kanuni: chukua umbo la kiume, ongeza kitu mwishoni, umepata la kike. Jean anazaa Jeanne, Paul anazaa Pauline, Christian anazaa Christiane, Prince anazaa Princesse, Héritier anazaa Héritière. Wakati mwingine nyongeza hiyo haisikiki hata masikioni. Exaucé na Exaucée, Dieudonné na Dieudonnée: ukiita mmoja uani, wote wawili wanakuja. Msichana anabaki na herufi moja ya ziada ambayo mwalimu ataisahau na karani ataifuta.

Sisemi kwamba ni kosa la Kifaransa peke yake. Majina ya pwani yaliyotoka Kiarabu yanafanya vivyo hivyo: Salim na Salima, Said na Saida, Karim na Karima. Tena kati ya Wabantu wenzetu, Waganda wanapopata mapacha, msichana anayezaliwa wa pili ni Nakato, jina lililojengwa juu ya Kato wa kiume. Ingawa yule wa kwanza, Babirye, hakujengwa juu ya Wasswa. Basi njia hiyo ipo kila mahali. Ninachouliza ni kama tunapaswa kuifuata sisi tulio na njia nyingine nyumbani.

Hapo ndipo anapoingia Kahindo. Jina hili liko nje ya safu. Ndani yake mna mzizi -hind-, wenye maana ya kugeuza au kubadili. Anapewa msichana aliyekuja baada ya mvulana: mkondo ulikuwa unakwenda upande mmoja, yeye akaugeuza. Hapa nyumba hazikubaliani. Ziko zinazompa Kahindo msichana yeyote anayemfuata mvulana, na ziko zinazosubiri mpaka wavulana wawe wamefuatana zaidi ya mmoja. Kwa hizo, binti wa yaya angekuwa Masika bila mjadala. Kwetu bibi ndiye anayekata shauri, na alikata.

Kwa hiyo swali la chumba kile, binti aitwe nani ili jina lake liende na la kaka yake, lilikuwa limejibiwa zamani na watu ambao hawakuwahi kuona kalenda ya watakatifu. Kahindo ni jina linalomtaja kaka bila kumwiga. Anayelisikia anajua mara moja kwamba kabla ya huyu alikuja mvulana. Tena linamtaja kaka kama mtu aliyetangulia, na dada kama mtu aliyefanya jambo. Yeye ndiye aliyegeuza.

Mwenzangu mmoja wa darasa, niliyemwonyesha rasimu ya makala haya, alinipinga kwa hoja nzuri. Alisema: mvulana anayemfuata msichana anaitwa Muhindo, kwa mu- ya watu, ya ngeli ya mtu mzima, msichana anaitwa Kahindo, kwa ka- ya udogo. Je, hilo si lile lile la Héritière? Kahindo si Muhindo mdogo?

Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama ka- ingekuwa ya wasichana tu. Lakini hesabuni: Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo, wote wanaume, wote wana ka-. Vukeni mpaka mwende Kasese, kwa ndugu zetu Wakonzo wa Uganda, mtakuta majina yale yale yakiwa yamevaa nguo nyingine: Bwambale, Masereka, Kule, Thembo kwa wanaume, Biira na Ithungu kwa wanawake, pale sisi tunaposema Kavira na Katungu. Ni upande wetu tulioweka ka- juu ya watoto wote, wa kike na wa kiume, kwa jinsi mtu anavyomwita mtoto wake kwa mapenzi. Na huko Kasese Muhindo ni jina la mvulana na la msichana pia. Muhindo na Kahindo ni watoto wawili wa mzizi mmoja, kama Otieno na Atieno kwa Waluo, ambao wote wawili walizaliwa usiku na hakuna aliyekatwa kutoka kwa mwenzake. Kutoka mzizi mmoja ni undugu. Kutoka katika jina la mwingine ni utegemezi. Tofauti hiyo ndiyo ninayoitetea.

Hadi hapo nilikuwa upande wa bibi bila shaka yoyote. Ndipo yaya, aliyekuwa amelala akitusikiliza, akasema maneno yaliyotunyamazisha.

Yaya aliolewa Beni na alikaa huko mpaka vita vilipomfukuza. Wasomaji wa mji huu hawahitaji kuelezwa: tangu Oktoba 2014 watu wa Beni, Oicha, Mbau na Eringeti wamezika na kukimbia, wamerudi na kukimbia tena. Siku alipokimbia, kijana wake alikuwa na miaka miwili na kidogo. Kati ya Beni na Butembo ni kilomita 54 hivi, na kwa siku ya kawaida si safari. Siku ile, kwenye kituo kimoja njiani ambapo malori yalisimama, mtoto alipotea katika umati kwa saa kadhaa. Yaya alizunguka akiuliza. "Watu waliniuliza jina," alisema. "Nikawaambia Paluku. Mzee mmoja akanitazama kwa huruma, akasema: mama, hapa Mapaluku ni wengi kuliko mawe."

Kijana alipatikana, Mungu asifiwe, akiwa amekaa na familia nyingine na anakula muhogo. Lakini yaya hakusahau. "Ndiyo maana nataka majina yao yafanane," alisema. "Wakipotea, akisema mmoja, watu wajue mwingine ni wa nani. Kahindo? Kahindo wangapi wako Butembo? Huyu Kahindo ni dada ya Paluku yupi?"

Bibi hakujibu. Nami sikujibu. Nilikwenda nyumbani na swali hilo, na makala haya ni jibu langu lililochelewa.

Yaya ana haki katika jambo moja kubwa. Majina ya safu yanasema nafasi ya mtoto ndani ya nyumba, lakini hayasemi ni nyumba gani. Yalitungwa kwa vijiji ambamo kila mtu alijua mlango wa kila mtu. Huko, ukisema Kahindo, anayekusikia tayari anajua mama yake, shamba lake na kilima chake. Kambini au kwenye orodha ya mtihani, jina hilo limebaki bila kilima. Tena nchi yetu haina desturi ya jina moja la ukoo linalorithiwa na watoto wote kama huko Ulaya. Katika familia nyingi hapa, kaka na dada wa baba mmoja na mama mmoja hawana hata neno moja la pamoja kwenye karatasi zao. Mmoja amepewa jina la babu wa upande wa baba, mwingine la bibi wa upande wa mama, wa tatu la rafiki wa baba aliyelipa gharama za hospitali. Ndani ya nyumba hilo ni jambo zuri sana, kwa maana kila mtoto anabeba mtu. Mbele ya ofisa anayetafuta kuwaunganisha ndugu waliotengana, ni ukuta.

Basi hofu ya yaya ni ya kweli. Ila dawa aliyoichagua haiponyi ugonjwa wenyewe. Wahéritier na Waprince nao ni wengi kuliko mawe. Mtoto akisema kambini "mimi ni Princesse", nani atajua kwamba kaka yake ni Prince wa nyumba fulani na si mmoja wa Maprince ishirini wa kartie hiyo hiyo? Kufanana kwa majina ya ubatizo kunawafurahisha wanaowajua watoto. Asiyewajua hakumwambii kitu. Na gharama yake anailipa msichana peke yake, maana kaka alikuja kwanza na kuchukua jina zima, dada akapata mabaki.

Pendekezo langu ni kwamba tuache kulidai jina moja lifanye kazi tatu. Karatasi zetu zina nafasi tatu: jina, lile la nyuma tunaloliita posinomu, na jina la ubatizo. Mpangilio huo una historia yake. Mwaka 1972, Mobutu alipoamuru uhalisi, majina ya Kikristo yalifutwa kwenye karatasi na watu wakaongeza majina ya mababu. Baadaye, siasa hiyo ilipolegea, majina ya ubatizo yalirudi lakini yale ya mababu hayakuondoka. Watu wengi wanaona nafasi hizo tatu kama mzigo. Mimi naona ni bahati. Kila nafasi ipewe kazi yake.

Nafasi ya kwanza iwe ya safu: Kahindo, au Masika, au Kavira, kadiri nyumba inavyohesabu. Hapo binti anasimama katika hesabu yake mwenyewe.

Nafasi ya pili iwe ya pamoja. Jina lile lile alilopewa kaka kama posinomu, apewe na dada, na wote watakaofuata. Liwe la babu au la bibi, la upande wa baba au wa mama, hilo familia itaamua. La muhimu ni kwamba liwe moja. Hili si jambo geni kwetu. Wanasiasa wawili ndugu wa mkoa huu, Enoch Nyamwisi Muvingi na Antipas Mbusa Nyamwisi, walijulikana nchi nzima kuwa ndugu kwa neno moja tu, Nyamwisi, hata kama halikukaa mahali pamoja katika majina yao. Na mtu asiseme kwamba jina la babu halimfai msichana. Kinande, kama Kiswahili, hakigawi maneno yake kuwa ya kiume na ya kike. Jinsia hiyo tumeikopa tulipojifunza Kifaransa.

Nafasi ya tatu, ya ubatizo, iwe ya mtoto mwenyewe. Hapa wazazi wachague wanachokipenda, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, kwa Biblia, lakini wamchagulie yeye. Wajiulize swali jepesi: kama binti huyu angekuwa mtoto wa kwanza, au wa pekee, tungempa jina hili? Kama jibu ni hapana, jina hilo ni la kaka yake.

Najua yatakayosemwa. Wako watakaosema majina haya ya safu yamechosha, kila darasa lina Kavira sita, na mwalimu hana la kufanya ila kuwapa namba. Ni kweli, na ndiyo sababu ya nafasi ya pili na ya tatu. Wako walioolewa nje, na Mshi, na Mhema, na Mluba, watakaouliza safu ya nani itumike. Hao wana mazungumzo yao ya nyumbani na sitawaingilia, ila nafasi ya pili, ile ya pamoja, inawafaa kuliko sisi sote, kwa maana inaweza kubeba upande ambao nafasi ya kwanza imeuacha. Na wako watakaosema kwamba kufanana kwa majina ni mapenzi tu ya wazazi, tusiwanyime. Simnyimi mtu. Wakitaka kuita watoto wao Prince na Princesse uani, waite. Ninazungumzia jina litakaloandikwa na ambalo binti atalibeba akiwa na miaka hamsini.

Maana kuandikwa ndiko kunakobaki. Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka majina yatoke katika urithi wa utamaduni wa Kongo, na inawapa wazazi siku 90 za kumwandikisha mtoto. Kahindo anapita mlango huo akiwa ameinua kichwa. Lakini hapo kuna hatari ninayowaachia wanafunzi wa fonetiki. Sauti ya katikati ya Kavira haiko katika Kifaransa; si b yao wala v yao, ndiyo maana dada wawili wanaweza kuwa mmoja Kavira na mwingine Kabira. Kavugho anageuka Kavuo kwa sababu karani hakusikia gh. Katika ofisi moja niliyoijua, ndugu watatu waliandikiwa posinomu ile ile kwa tahajia tatu. Kama jina la pamoja ndilo litakalowaunganisha watoto siku ya shida, basi likiandikwa kwa njia tatu halikuandikwa. Ushauri wangu kwa yeyote aliye na mtoto mchanga: usilitamke jina mbele ya karani ukamwachia aandike anavyosikia. Nenda na karatasi ya kaka yake, uiweke mezani, useme, "Liandikwe kama hili, herufi kwa herufi."

Nilimpelekea yaya mawazo haya, kwa maneno machache kuliko ninayoyatumia hapa. Alisikiliza akimnyonyesha mtoto. Aliuliza swali moja tu: kama posinomu ya kijana ingeweza kuandikwa pia kwenye kitambaa, ikashonwa ndani ya nguo za wote wawili. Nikamwambia ndiyo, na kwamba hilo ni wazo bora kuliko makala yangu yote.

Binti ameandikishwa, siku kumi kabla ya zile 90 kwisha. Jina lake la kwanza ni Kahindo, kama bibi alivyosema. La pili ni la babu, lile lile la kaka yake, na karani alilinakili kutoka karatasi ya kijana. La ubatizo ni Neema, ambalo shemeji alilichagua mwenyewe baada ya kukubali kuachana na Héritière, na ambalo halina jina la kiume lililolitangulia. Kijana wa miaka minne hawezi bado kusema Kahindo vizuri. Anamwita Hindo, na binti anageuza kichwa.